Gurudumu la mwaka: dini ya kale au ya juzi?

Kwetu ukimwita mtu mpagani umemtukana. Uingereza wapo wanaojiandikisha hivyo kwa hiari yao: katika sensa ya mwaka 2021, watu wapatao 74,000 wa England na Wales walijaza kwamba dini yao ni upagani, na wengine 13,000 wakaandika Wicca, tawi la upagani la watu wanaojiita wachawi. Asili ya neno ni Kilatini, paganus, mtu wa shamba. Ni kama watu wa pwani walivyowaita wa bara washenzi, ila hawa wa Uingereza wameliokota tusi wakalivaa.

Imani yao haina msahafu, ina kalenda. Wanaiita gurudumu la mwaka, lenye sikukuu nane. Nne zinafuata jua: siku ndefu kuliko zote mwezi Juni, fupi kuliko zote Desemba, na zile mbili za Machi na Septemba ambazo usiku na mchana hulingana. Nne nyingine ziko katikati: Imbolc mwanzoni mwa Februari, kondoo wanapoanza kutoa maziwa, Beltane tarehe 1 Mei, Lughnasadh tarehe 1 Agosti, mavuno yakianza, na Samhain tarehe 31 Oktoba, ya kuwakumbuka wafu. Aliyekulia Mombasa, ambako magharibi huingia karibu saa ile ile mwaka mzima, anaweza kuona huu ni mchezo. Aishi London Desemba moja tu. Jua linatoka saa mbili asubuhi, na kabla ya saa kumi alasiri limeshatua. Hapo hutamuuliza mtu kwa nini anawasha moto kulipokea likirudi.

Ubishi uko kwenye umri. Waumini wengi wamezoea kusema wanafuata njia ya mababu. Wanahistoria, na hasa Ronald Hutton wa Chuo Kikuu cha Bristol, wameonyesha kwamba gurudumu zima halijafikisha hata miaka 100. Sikukuu zote nane ziliunganishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 katika kundi la Wicca la Gerald Gardner, ofisa mstaafu wa forodha aliyewahi kufanya kazi Malaya (Malaysia ya leo), miaka michache baada ya Sheria ya Uchawi ya 1735 kufutwa. Zile nne za katikati kweli zimo katika maandishi ya kale ya Ireland, ambako siku ya Beltane ng'ombe walipitishwa kati ya mioto miwili ili maradhi yasiwapate. Lakini jina Mabon, la sikukuu ya Septemba, lilibandikwa na Mmarekani Aidan Kelly katika miaka ya 1970. Ostara ya Machi nayo inaegemea maneno machache ya mtawa Bede, aliyeandika mwaka 725 kuhusu mungu wa kike aitwaye Eostre.

Hata Stonehenge, lile duara la mawe makubwa kusini mwa England, haiwasaidii sana. Kila Juni maelfu ya watu hukesha pale, ngoma zikilia, wengine wamejitanda mablanketi kwa baridi, wakingoja jua lichomoze muda mfupi kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Mawingu yakiruhusu, maana England mara nyingi hayaruhusu. Waliosimamisha mawe yale yapata miaka 4,500 iliyopita walilijua jua vizuri, kwa sababu yamepangwa kulielekea. Ila madruidi, makuhani wa kale wa Waselti, ambao wengi wa wanaokesha pale hujinasibisha nao, wanaanza kutajwa katika maandishi takriban miaka 2,000 baadaye.

Mimi naona wanahistoria wameshinda kesi, lakini kesi yenyewe ilikuwa ndogo. Tazama Makunduchi, Unguja. Mwaka Kogwa una asili ya Nairuzi ya Waajemi: wanaume wanatandikana kwa vigogo vya migomba, kibanda cha makuti kinatiwa moto, wanawake wanaimba. Wapo wanaoita ushirikina, na mji mzima ni wa Waislamu. Mwaka huo ni wa siku 365 kamili, hauna siku ya nyongeza, hivyo kila miaka minne unarudi nyuma siku moja. Mwishoni mwa karne ya 19 uliangukia Agosti, sasa ni Julai. Kalenda imehama na sherehe imebaki, wala sijasikia mtu wa Makunduchi akidaiwa cheti cha kuzaliwa cha sikukuu yake.

Hoja inayonisumbua zaidi ni ya mahali. Beltane ina ua lake, ua jeupe la kichaka cha miiba ambalo Waingereza huliita may, kwa jina la mwezi wenyewe. Mwaka 1752 Uingereza iliporekebisha kalenda na kuruka siku 11, tarehe 1 Mei ikawa inafika kichaka hakijachanua. Siku hizi joto limeongezeka, na kusini mwa nchi maua hutoka Aprili. Anayedai kufuata maumbile afuate tarehe au ua?

Australia, ambako majira ni kinyume na ya Uingereza, wapagani wengi wamejibu kwa kugeuza gurudumu miezi sita, Yule, ile sikukuu ya Desemba, ikasogea Juni. Jibu hilo linafaa Melbourne. Darwin, kaskazini, kuna msimu wa mvua na wa kiangazi tu, na gurudumu haligeuki hata ulisukume vipi. Mtu akilichukua jinsi lilivyo akalileta Tanga, mwezi Machi atakuwa anashangilia kuisha kwa baridi, na jirani yake amesimama uani, jembe mkononi, anasikiliza kaskazi inavyolegea na kuhesabu siku za masika.