Wenzetu wanapiga nyimbo za nchi iliyokufa, sisi zetu tumefukuzia kweleakwelea

Jikoni kazini kwetu kuna redio ambayo haizimwi. Nahudumia wazee hapa Leipzig, na kila nikiingia zamu ya asubuhi namkuta mtangazaji anajisifia jambo lilelile: vibao bora vya miaka ya themanini, tisini na vya leo. Hapo kwenye "vya leo" anadanganya. Cha leo kinapigwa kimoja, halafu tunarudishwa 1984. Mzunguko wenyewe ni mfupi kiasi kwamba nikisikia kinanda fulani najua chai ya chumba cha mwisho imechelewa. Kuna kipindi nilikuwa naomba zamu za usiku ili nipumzike tu na hiyo redio.

Sasa wiki iliyopita bibi mmoja alikuwa hataki kula wala kuogeshwa, hataki kumwona mtu. Kijana wetu wa mafunzo, mtoto mdogo kabisa, akachomoa simu, akamuuliza enzi za usichana wake alikuwa anasikiliza nini. Bibi akataja Karat. Hatukumaliza kukaa sawa, wimbo ukaanza, sauti safi kama umerekodiwa jana, na kwenye kioo cha simu yamejipanga majina yote: mtunzi, mpiga ngoma, mwaka. Bibi akaimba ubeti wa pili hadi mwisho. Ni yuleyule ambaye jina langu ananiuliza kila asubuhi.

Karat, kwa asiyejua, ni bendi ya Ujerumani Mashariki. Nchi hiyo haipo tena. Ilifutwa Oktoba 1990, ikaondoka na bendera yake na polisi wake wa siri. Nayo haikuwa nchi ya kuchekea muziki: redio zake zilipangiwa kwamba asilimia 60 ya nyimbo zitoke nchi za kijamaa, na santuri za pop zilitoka kwenye lebo moja tu ya dola, Amiga. Lakini nyimbo za vijana wa nchi ile zipo zote. Puhdys, bendi yao nyingine kubwa iliyoanza 1969, waliendelea kupanda jukwaani hadi Januari 2016, nchi yao ikiwa kaburini miaka 25. Na hapahapa Leipzig tramu yangu inapita mbele ya Maktaba ya Taifa ambayo ndani yake kuna hifadhi ya muziki ya nchi nzima. Ukitoa albamu Ujerumani, sheria inakutaka upeleke nakala mbili pale. Iwe nzuri, iwe takataka, inawekwa rafu.

Usiku ule nikatafuta wimbo wangu.

Sitaji kundi, wenyewe wapo na wana familia. Ni vijana wa Chang'ombe, Dodoma, wawili walisoma na kaka yangu, waliochanga nauli wakaenda Dar kurekodi wimbo mmoja wa Bongo Fleva. Ulipigwa redioni miezi kadhaa. Mji mzima tuliuimba, hadi makonda wa Hiace za Kizota. Nimeutafuta kwa jina la wimbo, kwa jina la kundi, kwa mstari wa kiitikio. Hakuna kitu. Nikasema labda kwa kuwa ni wa kwetu mikoani, ngoja nitafute vya wakubwa. Vya wakubwa vipo, lakini vipoje? Mtu anachana ubeti wa maana, katikati jingo la kituo cha redio linamkanyaga, halafu DJ anamsalimia shemeji yake wa Tabata. Picha iliyowekwa si ya msanii. Mwaka wamekosea. Mtayarishaji hatajwi. Na hiyo ndiyo nakala bora iliyopo!

Ninyi mliokulia Dodoma mwishoni mwa miaka ya tisini mnajua tulivyoupata muziki ule. Kanda mpya ilishuka na basi la Dar pale Jamatini jioni, na aliyeitaka kweli alikuwa anasubiri basi kama anasubiri mgeni. Usiku masafa ya kati yanasafiri mbali, kwa hiyo tuliweza kuivuta redio ya Mwanza tukiwa kitandani, redio imefunikwa na shuka ili baba asisikie. Kanda ya kwaya ya mama ukiiziba vile vitundu vya juu kwa karatasi iliyotafunwa, inarekodika. (Mama, kama unasomewa haya, ni kaka.) Tulikuwa tunasimamisha na kurudisha, tunasimamisha na kurudisha, mashairi yanaandikwa nyuma ya daftari la jiografia. Na vumbi letu lile, la Agosti, lilikuwa linaingia kwenye kichwa cha redio hadi msanii anaimba kama yuko ndani ya pipa. Tunasafisha kwa pamba na spiriti, tunaendelea.

Na tulichapwa. Tusisahau hilo. Muziki ule uliitwa wa wahuni, shuleni na nyumbani. Ukikutwa na mashairi ya Sugu kwenye daftari, daftari linachanwa. Leo nikikumbuka nacheka peke yangu, maana Sugu huyohuyo alikuja kukaa bungeni, hapohapo Dodoma kwetu, mbunge wa Mbeya Mjini kuanzia 2010 hadi 2020. Profesa Jay naye akaingia 2015, mbunge wa Mikumi. Mwana FA akaingia 2020 kwa Muheza, na 2023 akawa naibu waziri wa wizara yenyewe ya utamaduni na sanaa. Hawa Puhdys na Karat wote, hakuna aliyefika huko. Muziki ulioanzishwa na watoto wasio na ala wala mwalimu, wakiusuka kwa Kiswahili chao cha mtaani, umetoa wabunge watatu kwa majina ninayokumbuka harakaharaka tu. Kwa hilo natembea kifua mbele hapa Leipzig, na nimewasimulia wenzangu kazini hadi wamechoka.

Sasa najua kuna mtu wa Area D, hapo Dodoma, ameshakunja sura. "Umepanda ndege juzi, leo unatufundisha." Ndugu yangu, sijakufundisha. Mimi ni mtu wa kuogesha wazee, si balozi. Na kama ni kuisema Ulaya nitaisema pia. Hapa muziki umetunzwa vizuri na hausikiki. Tramu imejaa watu, kila mtu na waya wake masikioni, kimya kama kanisani Ijumaa Kuu. Ikipita saa nne usiku ukipiga ngoma chumbani kwako jirani anakugongea ukuta, na ana haki kisheria. Kuna Jumamosi ninatamani spika mbovu ya duka la simu pale Barabara ya Saba, ile inayokwaruza, hadi machozi. Kwetu wimbo unauishi, unaushika mgongoni mwa bodaboda, unaushika sokoni Majengo ukichagua mlenda. Hilo hawa hawana na hawatalipata.

Lakini wimbo huo ukishamaliza miezi yake sita, unakwenda wapi? Hapo ndipo ninapogombana nanyi.

"Mbona zilipendwa zinapigwa kila Jumapili?" Ndiyo, zinapigwa, na nazipenda. Lakini tazama ni za nani. Mbaraka Mwinshehe amefariki 1979 na bado tunamsikia, na sababu mojawapo ni kwamba enzi zile Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa studio kuu. Bendi ikienda kurekodi, mara nyingi inarekodi RTD, na utepe unabaki RTD. Serikali ilikuwa inajirekodia matangazo yake, muziki ukanusurika humohumo. Baba zetu walibahatika. Wadogo zetu nao wamebahatika kwa njia yao: wimbo wa leo unapakiwa mtandaoni siku hiyohiyo, hata mwenyewe akitaka kuufuta hawezi. Waliopotelea katikati ni sisi. Sheria ya utangazaji ya 1993 ilifungua milango, redio binafsi zikaja, studio za watu binafsi zikaja, kompyuta zikaja. Muziki ukahama RTD, na hakuna aliyeuliza utepe sasa unabaki wapi. Ulibaki kwenye kompyuta ya mtayarishaji, na kompyuta za miaka ile, kwa umeme wa miaka ile, mnazijua wenyewe. Kanda zikabaki kwa msambazaji aliyenunua haki zote kwa pesa ya kununulia godoro. Nani anajua zilipo leo?

Mwingine atasema muziki wa siku hizi unatosha, Diamond anajaza viwanja, acheni uzee. Huyo namwambia hajasoma. Sijasema wa zamani ni bora. Nyimbo nyingi za ujana wangu zilikuwa mbaya, nyingine zilikuwa ni matusi ya mtu na jirani yake yaliyopangwa kwa vina. Hata hizo zinatakiwa ziwepo. Nani kawaambia kinachohifadhiwa ni kizuri tu? Pale maktabani Leipzig kuna takataka za kutosha kujaza uwanja wa Jamhuri.

Na suala la pesa, msianze. Sheria ya hakimiliki tunayo tangu 1999, COSOTA, ofisi ya kusimamia hakimiliki, tunayo, mwanzoni mwa 2022 wasanii waligawiwa mirabaha na kamera zikawepo. Sawa. Hapa mwenye saluni akiwasha redio kwa ajili ya wateja analipia, kuna chama kinaitwa GEMA kinamfuata hadi mlangoni, na watu wanakichukia kama tunavyomchukia mkusanya ushuru wa soko. Lakini kwa sababu pesa hiyo wanalipwa wanamuziki, ni lazima chama kijue wimbo ni wa nani. Kwetu wimbo unaopigwa na redio, baa na basi la mkoani hauna mwenyewe, kwa hiyo hauna wa kuutunza. Kitabu kikichapwa Tanzania, nakala zinatakiwa zifike Bodi ya Huduma za Maktaba. Kanda je? Kanda ilikuwa inafika kwa fundi wa redio.

Hata ndugu yetu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, bingwa wa zeze na ilimba, ile ala ya kupigwa kwa vidole gumba, ukitaka kumsikia vizuri unaelekezwa Uingereza. Albamu zake kadhaa zilitolewa na lebo ya mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel, Real World, miaka ya tisini na mwanzoni mwa elfu mbili. Amefariki 2003. Jirani yangu wa ghorofa ya pili, Mjerumani anayekusanya santuri, ndiye aliyenionyesha. "Unamfahamu huyu?" Ananiuliza mimi! Niliona fahari hadi shingo ikarefuka, na dakika ileile nikakasirika, maana nilikuwa namsikiliza mtu wa kwetu akisalimia "mbukwenyi" kwenye sebule ya mtu aliyelipia euro zake, kwa hisani ya Waingereza. Msiniambie hatuna uwezo. Chamwino watu wanaandaa tamasha la muziki wa Kigogo kila mwaka, wanafika kwa malori kutoka vijijini na njuga zao miguuni. Moyo tupo nao. Kinachokosekana ni mtu wa kuweka rafu.

Nilimpigia kaka nikamuuliza: ile boksi ya kanda iko wapi? Akacheka kwanza. Halafu akasema mama alizichukua zote, mwaka ule mtama wa Hombolo ulivyovamiwa na kweleakwelea. Utepe ukiuvuta kutoka mti hadi mti, upepo ukiupiga, unalia na kumetameta, ndege wanaogopa. Ulifanya kazi vizuri sana, kaka anasema, tulivuna. Hebu fikiria: shamba zima limezungushiwa Hard Blasters, Juma Nature na wale vijana wa Chang'ombe, wanafukuza ndege kwa upepo wa Dodoma. Simlaumu mama, mtama unaliwa. Ila kama nakala nyingine ingekuwa mahali, angeweza kuvuna na mimi nikasikiliza.

Utaniambia nirudi nijenge hiyo hifadhi mwenyewe. Sitaki jengo, jamani, majengo tunayo. Dodoma ni jiji tangu 2018, wizara zimehamia Mtumba, ofisi zina viyoyozi ambavyo vumbi halipenyi. Nataka chumba kimoja, deki inayozunguka vizuri, kompyuta, na kijana mmoja anayeijua kazi, apokee kanda za watu na kuandika majina sawasawa: nani ameimba, nani ametengeneza mdundo, mwaka gani. Wabunge watatu wametokana na muziki huu, na hakuna hata mmoja wa kuomba chumba?

Wakati tunawasubiri, kaka amepata fundi pale Majengo ambaye deki yake bado inafanya kazi, na dada wa mmoja wa wale vijana wa Chang'ombe anasema kuna kanda moja imebaki kwenye sanduku kwa shangazi yao Mpwapwa. Mwenye nyingine yoyote ya miaka ile, ya kundi lolote la Dodoma, hata kama imekatika na kuungwa kwa selotepu, ampelekee kaka. Nalipia mimi. Ila fundi asiambiwe pesa inatoka Ujerumani, maana bei itapanda kabla kanda haijaingia kwenye deki.