Kibodi ya mekanika isiyo na waya: nyumbani kwetu Zanzibar tulipie nini?

Kazi nyingi za kuandika siku hizi zinafanywa nyumbani. Mwanafunzi wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, anamalizia utafiti wake sebuleni, mwalimu wa skuli anatunga mitihani watoto wakishalala, mwengine yuko Fumba au Chake Chake anafanyia kazi kampuni ya nje. Wengi wao wanaandikia kompyuta mpakato ambayo vitufe vyake vimeshachoka, au simu tupu. Ndipo linapokuja suala la kibodi ya mekanika isiyo na waya, ya bei nafuu: ni kifaa cha maana, au ni anasa ya vijana wanaocheza gemu? Mimi nasema ni cha maana kwa anayeandika sana. Tatizo ni kwamba wanunuzi wengi wanalipia taa na sura, wakaacha kuangalia mambo mawili yatakayoamua kama kibodi hiyo itafika mwaka wa tatu katika hewa yetu na umeme wetu.

Kibodi ya kawaida ndani yake mna karatasi za plastiki na vikombe vya mpira. Herufi haitoki mpaka kikombe kibonyee hadi chini. Kwenye kibodi ya mekanika kila kitufe kina swichi yake: kijiti cha plastiki, springi, na vipande viwili vya chuma vinavyogusana kitufe kikifika karibu na nusu ya safari, kwa hiyo huhitaji kugonga hadi chini. Muundo unaoigwa zaidi ni wa Cherry, kampuni ya Ujerumani, ulioingia sokoni miaka ya 1980. Hataza yake, yaani haki ya kuutengeneza peke yao, ilipomaliza muda, viwanda vya China kama Gateron, Kailh na Outemu vikajaa sokoni na bei ikaporomoka. Ndiyo sababu leo kibodi kama Royal Kludge RK61 au Redragon K530 hupatikana mitandaoni kwa dola 40 hadi 60, yaani laki na kitu za Kitanzania, kabla ya gharama ya kuifikisha hapa.

Faida yake kwetu ni kubwa kuliko wanavyosema wauzaji, na sababu iko kwenye lugha yenyewe. Kiswahili kinatumia A kupita herufi yoyote, na A imewekwa chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote. Andika tu “watoto wanacheza baharini” uone: kidole hicho kimeshabonyeza A mara sita kwa maneno matatu. Swichi hutofautishwa kwa rangi, na nyekundu huitika kwa uzito wa gramu 45 hivi, bila kizuizi njiani. Mtu anayeandika ukurasa baada ya ukurasa atausikia unafuu huo jioni, khasa kama alikuwa akiandikia kibodi ya mpira iliyoshaanza kuwa ngumu.

Sasa tugeukie upande wa pili, maana una uzito. Watengenezaji wengi wa swichi hutaja mibonyezo milioni 50 kwa kila kitufe, lakini hesabu hiyo haikufanywa kwenye nyumba iliyofunguliwa madirisha kuelekea bahari. Swichi za kawaida zina upenyo. Vumbi na hewa ya chumvi huingia, na vile vipande vya chuma vikishapata uchafu au kutu, kitufe kinaanza vituko: unabonyeza A mara moja zinatoka mbili, unaandika “kazi” inasomeka “kaazi”. Karatasi za kibodi ya mpira zimefunikwa vizuri zaidi, na kibodi yenyewe ikifa hujapoteza pesa nyingi.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kulipia ni swichi zinazochomoka kwa mkono bila kuyeyusha risasi. Kitufe kikileta vituko unakichomoa kwa kibano kidogo, unachomeka swichi nyengine, basi, fundi huna haja naye. Swichi zikiwa zimeunganishwa kwa risasi, kitufe kimoja tu kinaweza kukulazimisha uitupe kibodi nzima, au umtafute fundi mwenye mkono mwepesi. Na usiishie kusoma neno la muuzaji kwamba “zinachomoka”. Baadhi ya kibodi za bei nafuu hupokea swichi za Outemu pekee. Muulize kabla hujatoa pesa.

Jambo la pili ni betri, na hapa ndipo suala la waya linapokuwa gumu. Umeme wetu unatoka Bara kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Waliokuwapo hawajasahau Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilipokaa takriban miezi mitatu bila umeme huo. Waya mpya wa Pemba kutoka Tanga ulianza kazi 2010, wa Unguja 2013, na hali ikawa nafuu sana, lakini kukatika kwa saa kadhaa bado kupo. Hapo kibodi isiyo na waya inaonesha thamani yake: kompyuta ya mezani imezimika, wewe unabonyeza vitufe viwili, kibodi inahamia kwenye simu kwa Bluetooth na unaendelea na kazi. Kibodi nyingi za aina hii hukumbuka vifaa vitatu. Kwa kijana mwenye simu tu, asiye na kompyuta kabisa, hii inageuza simu yake kuwa pahala pa kuandikia barua ya kazi au sura nzima ya utafiti. Hoja ya meza kuwa safi bila waya ni ndogo sana mbele ya hiyo.

Lakini betri ya ndani huchakaa, na joto huiharakisha. Kupata mbadala si rahisi: tangu 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kuwa mizigo kwenye ndege za abiria. Basi usinunue kibodi ambayo betri yake ikifa nayo imekufa. Iwe inaweza kuandika kwa waya wa USB hata betri ikiwa imekwisha kabisa. Anayetaka kukwepa shida hii yote aangalie Logitech K380. Si ya mekanika, lakini inatumia betri mbili ndogo za AAA zinazouzwa dukani, na yenyewe huhama baina ya vifaa vitatu. Kwa mtu wa barua pepe mbili tatu kwa siku, ningemshauri hiyo bila kusita.

Sauti nayo ni haki ya jirani. Swichi za buluu hulia kwa kila herufi, na kwenye maghorofa ya Michenzani, ambako madirisha hukaa wazi usiku kucha, mlio huo unafika hadi nyumba ya pili. Nyekundu au kahawia zinatosha.

Kuhusu ukubwa, kibodi ya vitufe 61 inapendeza na inaingia mkobani, ila haina mishale ya peke yake wala sehemu ya tarakimu, hivyo anayeweka hesabu za duka ataichukia ndani ya wiki moja. Herufi za Kiarabu ni suala jengine: mwalimu wa madrasa anayezihitaji akumbuke kuwa nyingi ya kibodi hizi huja na Kilatini tu, na itambidi abandike stika au atafute vifuniko vya vitufe vyenye herufi hizo, pengine kwa wanaoleta bidhaa kutoka Dubai.

Taa za rangi zizime. Zikiwaka zote, betri inamalizika kwa siku chache. Zikizimwa, inakwenda wiki kadhaa kwa matumizi ya nyumbani.

Ukiikuta kwenye maduka ya Darajani ni afadhali kuliko kuagiza, hata ikizidi bei kidogo, kwa sababu utaijaribu papo hapo. Bonyeza kila kitufe mara moja moja ukiangalia kioo cha simu yako. Zima kitufe cha Bluetooth, chomeka waya kwenye kompyuta ya dukani, uandike tena. Halafu mwombe muuzaji achomoe swichi moja mbele yako. Akikataa au akisema haiwezekani, nenda duka la pili.