Demo yangu ilibaki na omena peke yake

Kuna producer wa Kondele, hapa Kisumu, aliniambia nisijisumbue na biti, nimtumie tu demo, gitaa na sauti, asikie wimbo umekaaje, hiyo ingine ni kazi yake. Sasa kuandika nyimbo mimi naweza, nikiwa kwa matatu, nikiosha vyombo, popote. Kurekodi ndio sijui hata kidogo. Nakaa Nyalenda, chumba kimoja, mabati juu hakuna siling, ukikohoa unajiskia mara mbili. Nikaambiwa jifunike blanketi, linaua mwangwi, na kweli linaua. Chenye hawakuniambia ni kwamba mwangwi uko ndani na shida za Nyalenda ziko nje.

Basi saa nane mchana, na jua la Kisumu unalijua, mimi niko chini ya lile blanketi la kijivu la bording, simu nimeiegemeza kwa ndoo, gitaa ya mtumba ya soko la Kibuye imenibana mbavu, metronomu, ile ya kuhesabu mapigo, inanigongea kwa sikio moja tik tik tik, jasho linaingia machoni na siwezi kupangusa juu mikono yote ina kazi. Nikianza, jogoo wa landilodi. Nikirudia, fundi wa welding anawasha mashine. Halafu wale kwarara, aki hao ndege wanapita juu ya nyumba wakipiga yowe kama wanadai mtu. Mwishowe nikasema liwalo na liwe, naimba mpaka mwisho.

Nikafika pale kwa daraja ya wimbo, pahali navuta sauti uuuuuuu, pahali pa uchungu kabisa, mlango ukafunguka, blanketi likavutwa.

"Nyathina, mtoto wangu, ni tumbo?"

Ni Mama wa omena, huwa anauza hao dagaa hapo nje dirishani kwangu. Nikamwambia narekodi wimbo. Akaangalia gitaa, akaangalia ndoo, akaniangalia vile nimelowa.

"Na unamficha nani?"

Akaenda zake, akaendelea kugombana na kastama kuhusu deni la gorogoro, ule mkebe wa kupimia, kwa nguvu, na mimi nikamalizia kuimba.

Jioni binamu yangu akaja na laptop. Huyu anasomea kompyuta, kwa hivyo kwetu ndiye wa kutengeneza hadi redio. Akaweka Audacity, ni ya bure, akanieleza vile inatoa kelele: unaichagulia kipande chenye kina kelele pekee, sekunde chache tu, inakariri hiyo kelele iko aje, halafu unaiambia iitoe kwa wimbo wote. Vizuri kabisa. Sasa namwona anachagua verse yangu ya kwanza.

"We, mbona hapo?"

"Sista, si hapo ndio kuna kelele mingi?"

Kabla nimjibu ashabonyeza, ashasave, ashamtumia producer kwa WhatsApp, na ile orijino alikuwa ameifuta kwa simu yangu ati nafasi imejaa.

Tukaiskiza. Mimi nimetolewa. Gitaa imetolewa. Pale nilikuwa kuna kitu kinabwabwaja chini kwa chini huwezi jua ni mtu ama ni bomba la maji. Lakini Mama wa omena, juu alikuwa anaongea kwa nguvu kunishinda, hiyo programu haikumgusa, amebaki safi, unaskia mpaka gorogoro ikigonga meza: "Hiyo ya Jumanne hujalipa, na leo unataka ingine?" Na kwarara nyuma anaitikia.

Asubuhi producer akatuma voisnoti. Nikaenda kuiskizia chooni, presha imepanda.

"Sema msanii. Hiyo omena iko na mchanga ama ni ile safi?"

Nikampelekea Mama simu askize mwenyewe. Akanyamaza, akajipanga, akamrekodia jibu: yake inakaushwa kwa neti, haigusi chini, na deni hakuna.

Ijumaa ndio nilikanyaga hiyo studio mara ya kwanza, nimebeba gorogoro mbili.