Soya ileile, shamba tofauti: protini ipi tunainunua?

Kwa wengi wanaonunua soya ya uji wa lishe au ya chakula cha kuku, soya ni soya tu. Kwa wastani hawajakosea: punje kavu huwa na protini kama asilimia 40 na mafuta kama asilimia 20. Wazalishaji wa mbegu watawaunga mkono, kwamba aina ya mbegu ndiyo inayoweka mipaka, na kwa kawaida protini ikipanda mafuta hushuka.

Lakini shamba nalo lina lake. Aina moja ikipandwa kwenye ubaridi wa Njombe na kwenye joto la Kilombero, ya Njombe itarajie kuwa na isoflavoni (kemikali asilia za soya) na asidi ya linoleniki (moja ya asidi za mafuta) nyingi zaidi; ya Kilombero itazidi kwa oleiki, asidi nyingine ya mafuta. Ipi bora? Linoleniki ni omega-3, mlaji anaitaka. Mkamuaji haifurahii, maana mafuta yake huchacha upesi. Ukame nao ukiingia punje zinapojaa, mara nyingi asilimia ya protini hupanda huku mavuno yakishuka, kwa hiyo asilimia nzuri inaweza kutoka kwenye ekari iliyoambulia patupu.

Hali ya hewa haiagizwi, ndiyo maana mimi naangalia zaidi udongo. Vinundu vya mizizi, vyenye bakteria wanaonasa nitrojeni ya hewani, vikifanya kazi, mmea hupata nitrojeni ya kutosha kutengeneza protini. Salfa ikipungua, hausimami: huongeza protini ya akiba isiyodai salfa na kupunguza ile yenye methionini na sisteini, asidi amino (matofali ya protini) zenye salfa. Maabara nyingi hupima nitrojeni na kuizidisha kwa 6.25 kupata protini yote kwa jumla, basi tofauti hiyo haionekani kwenye cheti. Kuku ndiye anayeigundua, kwa kuchelewa kukua.

Kwenye uji hofu hii ni ndogo, kwa sababu mahindi yana methionini ya kuongezea, na soya huyalipa kwa lisini, asidi amino iliyo haba kwenye mahindi. Na udongo wenye salfa ya kutosha hauhitaji kuongezewa nyingine. Hiyo ni hela inayopotea bure. Wala simlaumu mkulima asiyejali: auzaye kwa kilo hulipwa uzito, na mbolea yenye salfa, kama haikumwongezea mavuno, imemnufaisha mchanganyaji wa chakula cha kuku, ambaye asipoipata methionini kwenye soya huinunua ya kiwandani.