Hisa za madini: dhahabu iliyo ardhini ina thamani gani?

Machi 2010 African Barrick Gold, iliyokuja kuitwa Acacia, iliuza hisa zake London kwa peni 575. Julai 2019 Barrick, mmiliki mkuu, ilikubaliana kuwanunua wanahisa wengine kwa takriban peni 232. Katikati ya miaka hiyo dhahabu ilikuwa imepanda, kutoka kama dola 1,100 kwa wakia hadi kupita 1,400. Bulyanhulu, mgodi wake wa dhahabu nchini Tanzania, haukuhama. Basi aliyepima hisa ile kwa kuhesabu wakia zilizo ardhini alikuwa akipima nini?

Wanaoitumia njia hiyo wana sababu. Kampuni ya utafutaji haina mauzo wala faida, kwa hiyo vipimo vya kawaida vya hisa vinagonga mwamba. Kama soko linaithamini kampuni dola milioni 100 na ina wakia milioni 2, unalipa dola 50 kwa wakia, unalinganisha na nyingine za aina yake. Ni hesabu ya haraka.

Swali ni wakia zipi. Zilizokisiwa kutokana na mashimo machache ya uchorongaji, yaliyoachana mbali, si sawa na zile ambazo gharama ya kuzitoa imeshapigiwa hesabu. Bre-X ya Kanada ilivuka thamani ya dola bilioni 6 za Kanada kwa dhahabu ya Busang, Indonesia. Mwaka 1997 ikabainika kwamba sampuli zilichanganywa na dhahabu iliyoletwa kutoka kwingine.

Njia ya pili hukadiria fedha ambazo mgodi utaingiza kila mwaka, huondoa gharama, kodi na mrabaha (fungu la mauzo linalolipwa serikalini), kisha hushusha thamani ya fedha za miaka ya mbele. Kwa mgodi unaozalisha, mimi niko upande huu. Hata hivyo matokeo yake huyumba sana. Dola 100 za mwaka wa kumi, kwa punguzo la asilimia 5 kwa mwaka ambalo wachambuzi wa dhahabu wamelizoea, ni kama dola 61 leo. Kwa asilimia 12 zinabaki 32. Anayechagua punguzo ndiye anayepanga bei.

Halafu kuna serikali. Machi 2017 Tanzania ilizuia makinikia, yaani mchanga wenye madini, yasisafirishwe nje. Mwaka huohuo sheria ikaipa serikali angalau asilimia 16 ya hisa bila kulipia, na mrabaha wa dhahabu ukapanda kutoka asilimia 4 hadi 6. Wengi huyaita haya hatari ya kisiasa, wakaongeza punguzo, wakamaliza. Naona wanakosea. Fungu la wananchi wenye madini ni gharama halali, liandikwe kwenye hesabu tangu mwanzo pamoja na dizeli na mishahara. Mgodi usiobakiza faida baada ya hapo haukuwahi kuwa na thamani iliyotangazwa.

Kwa kampuni ambayo bado inachoronga, mimi huanza na salio la benki na kasi ya matumizi. Fedha zikiisha itatoa hisa mpya, na fungu lako litapungua hata kama dhahabu imepatikana.