Kahawa ya mkataba aliipika yeye

"Mimi niliandikishana na marehemu. Na mama sikuandikishana." Maneno hayo yalisemwa Ijumaa iliyopita baada ya Alasiri, barazani kwa marehemu mjomba hapa Ngamiani, Tanga, na mjane wake yumo ndani, nyuma ya pazia, kwenye eda, anasikia kila neno. Aliyeyasema ni mtu aliyenunua mashine ya mjomba. Tangu siku ile moyo wangu haujatulia.

Mwaka jana mjomba alizidiwa na maradhi, akaona mashine ya kukoboa na kusaga haiwezi tena. Akaiuza. Nusu ya bei alipewa mkononi. Nusu ya pili wakakubaliana mnunuzi awe anampa mkaza mjomba shilingi 50,000 kila Jumamosi mpaka deni liishe. Karatasi ninayo. Ni ya daftari, imekunjwa mara nne hadi mikunjo imeanza kuchanika. Mstari wa sita lipo jina la mkaza mjomba, lake na la baba yake na la babu yake. Chini kuna saini ya mjomba, ya mnunuzi, za mashahidi wawili, na mhuri wa serikali ya mtaa. Saini yake yeye haimo. Saa ile alikuwa jikoni anawapikia kahawa hao wanaosaini.

Mjomba alipofariki, Jumamosi mbili pesa zikaja. Ya tatu kimya.

Wakili niliyemwendea aliisoma karatasi mara mbili, akaniambia mama huyu ameahidiwa pesa, lakini mkataba si wake. Anayeweza kudai ni aliyeingia mkataba, na akishafariki, ni msimamizi wa mirathi yake. Nikauliza, hata kama jina lake limeandikwa? Hata kama limeandikwa.

Kanuni hii ni ya Waingereza. Mwaka 1861 mahakama yao ilimnyima bwana mmoja pesa ambazo baba yake na baba mkwe wake walikuwa wameandikiana kumpa. Mwaka 1915 wakaikazia. Kisha ikaja kesi ya Beswick, na nilipoisoma nilidhani naisoma ya kwetu. Mzee muuza makaa alimkabidhi mpwa wake biashara, mpwa akaahidi kwamba mzee akifa atamlipa mjane pauni 5 kila wiki. Mzee akafa. Mpwa akalipa mara moja, akaacha. Mjane alishinda mwaka 1967, lakini alishinda kwa sababu alikuwa msimamizi wa mirathi ya mumewe. Kwa nafsi yake asingepata kitu.

Uingereza wenyewe waliiona dhuluma hiyo, wakatunga sheria mwaka 1999: mkataba ukikusudia kumnufaisha mtu na ukamtaja, anaweza kuudai mwenyewe. Kwetu Tanzania sheria hiyo haifiki, maana tulizorithi kwao ni zile zilizokuwapo tarehe 22 Julai 1920. Kanuni tumebaki nayo, dawa yake hatunayo. Na Sheria yetu ya Mikataba, iliyofuata ile ya India ya 1872, inakubali kile kinachotolewa kulipia ahadi kitoke hata kwa mtu mwingine, si lazima kwa aliyeahidiwa. Mlango nusu uko wazi, na mjane bado yuko nje.

Mtasema si kuna njia ya mirathi? Ipo, na ndiyo tutakayoipita. Lakini fikirini inamtaka nini. Yumo kwenye eda ya miezi minne na siku kumi, na kabla hajapata hata shilingi lazima kikao cha ukoo kikae, msimamizi apatikane, Mahakama ya Mwanzo imthibitishe, ndipo kesi ifunguliwe. Kinachoniumiza zaidi ni hiki: pesa zikidaiwa kama deni alilokuwa analidai marehemu, watoto nao watasema ni mirathi, na mke mwenye watoto fungu lake ni thumuni, yaani moja ya nane. Mjomba hakutaka mkewe apate thumuni ya pesa hizi. Alitaka azipate zote, ndiyo maana akaliandikisha jina lake akiwa hai na akili yake timamu.

Nakubali upande mmoja wa kanuni. Jirani yangu hawezi kwenda mtaa wa Chumbageni akasaini karatasi ya kunibebesha mimi deni. Mzigo usimwangukie asiyeukubali. Lakini kubebeshwa mzigo na kupokea ulichoahidiwa ni mambo mawili mbalimbali, na sijaona kwa nini yafungwe kamba moja. Kwenye bima ya magari sheria yetu tayari imeshatoka kwenye kanuni hii: aliyegongwa hakusaini chochote na kampuni ya bima, na bado kampuni inawajibika kulipa hukumu aliyoipata dhidi ya mwenye gari. Bunge linaweza kumwandikia mjane kifungu kama hicho.

Na nyinyi mnaoandikiana karatasi wiki hii, za shamba, za boti, za nyumba: huyo mnayemtaja muiteni aje aketi, asaini au aweke dole gumba, na iandikwe kwamba ana haki ya kudai mwenyewe.

Jana nilimweleza mkaza mjomba yote haya nikiwa upande huu wa pazia. Alinyamaza kitambo, akaniuliza, "Kwa hiyo mwanangu, siku ile ningeiacha kahawa nikatoka?"

Jumatatu kikao cha ukoo kinakaa.