Nyumba zisizo na milango

Ukiuliza Kyubizimu, ule mtindo wa uchoraji unaovunja vitu kuwa maumbo yenye pembe, ilianza na picha gani, karibu kila mtu atakutajia Les Demoiselles d'Avignon, wale wanawake watano aliowachora Picasso mwaka 1907. Ni picha kubwa, tena ya kutisha, na siibezi hata kidogo. Lakini kwangu mimi heshima hiyo ni ya mchoraji Mfaransa Georges Braque, kwa turubai yenye urefu wa sentimita 73 tu: Nyumba za L'Estaque, ya mwaka 1908.

L'Estaque ni mahali pa pwani karibu na Marseille, kusini mwa Ufaransa. Mchoraji Cézanne alipachora miaka mingi kabla, na Braque alikwenda huko akizifuata nyayo za mzee huyo, aliyefariki mwaka 1906.

Itazame kwa utulivu. Kushoto kuna shina la mti. Nyuma yake nyumba zimerundikana, moja juu ya bega la mwenzake, zikipanda kuelekea ukingo wa juu. Hakuna mlango wala dirisha hata moja. Mbingu haionekani. Ukuta huu umeangaziwa kutoka upande mmoja, wa jirani yake kutoka upande mwingine, na zile nyumba za nyuma, badala ya kufifia, zinakusogelea. Kwa zaidi ya miaka 400 wachoraji wa Ulaya walifundishwa kuifanya turubai iwe dirisha la kuchungulia mbali. Braque alilifunga dirisha hilo.

Baba yake na babu yake walikuwa mafundi wa kupaka rangi nyumba, na yeye mwenyewe alijifunza kazi hiyo huko Le Havre. Naamini inaonekana hapa. Aliyewahi kupaka ukuta kwa mikono yake anajua kwamba ukuta hushikwa kabla ya kutazamwa.

Waamuzi wa Salon d'Automne, maonyesho ya sanaa ya kila mwaka jijini Paris, mchoraji Matisse akiwa miongoni mwao, walizikataa kazi zake za L'Estaque. Novemba mwaka huohuo wa 1908 mfanyabiashara wa sanaa Kahnweiler akazitundika katika duka lake jijini Paris, na mhakiki Louis Vauxcelles akaandika kwamba Braque anageuza kila kitu kuwa michemraba, kwa Kifaransa cubes. Jina Kyubizimu lilitokana na maneno hayo. Wakati huo wale wanawake wa Picasso walikuwa bado wamefungiwa chumbani mwake. Umma haukuwaona hadi 1916.

Najua nitaambiwa kwamba Braque alikuwa ameiona picha ile mapema na ikamtikisa. Ni kweli, cheche ilitoka huko. Ila mbinu yenyewe, ya paa na ukuta kuingiliana hadi usijue kipi kiko mbele, ilikomaa kwenye nyumba hizi. Na kiangazi cha 1909, Picasso alipokwenda Horta, Hispania, alichora nyumba za kijiji zimerundikana mlimani, pembe kwa pembe, kama zile za Braque.